Ukuta wa Mawe Nyuma ya Jiko la Kuni: Kinachokinga Nyumba Hasa Si Jiwe

Mtu anayejiandaa kuweka jiko la kuni ndani ya nyumba, yaani lile jiko la chuma lenye mlango na bomba la moshi ambalo huwashwa ili kupasha chumba joto, mara nyingi huanza kuufikiria ukuta wa nyuma kwa kuuliza aina ya jiwe. Je, iwe graniti au sleti, jiwe la asili au la kutengenezwa kiwandani, lililong'arishwa au lililoachwa na uso wa kukwaruza? Swali hilo ni la haki na litajibiwa hapa, ila halipaswi kuwa la kwanza. Jiwe halishiki moto, lakini hupitisha joto, na likibandikwa moja kwa moja juu ya ukuta wenye mbao ndani yake, mbao hizo huendelea kupata joto lilelile huku mwenye nyumba akiamini kwamba ameziwekea ngao. Kwa hiyo maswali yanayotangulia ni mengine: jiko lenyewe linadai umbali gani, ukuta umejengwa kwa nini, na kati ya jiwe na ukuta kutakuwa na kitu gani. Majibu yake yakishapatikana, uchaguzi wa jiwe huwa mwepesi, na kwa sehemu kubwa hubaki kuwa suala la uzito, usafi na macho.

Joto linavyofika ukutani

Jiko hupasha chumba kwa njia mbili. Hewa inayoligusa hupata joto na kupanda, na hiyo si tishio kubwa kwa ukuta wa nyuma. Njia ya pili ni mionzi ya joto, ambayo husafiri moja kwa moja kutoka kwenye chuma hadi kwenye chochote kilicho mbele yake bila kusubiri hewa ipate moto kwanza. Mwili wa jiko linalowaka vizuri huwa na nyuzi 200 hadi 300 za sentigredi, na mionzi hiyo huongezeka kwa kasi kuliko nyuzi zenyewe: jiko likipanda kutoka nyuzi 200 hadi 300, joto linalorushwa kwa mionzi huongezeka zaidi ya mara mbili. Ndiyo sababu ukuta ambao umekuwa vuguvugu tu kwa miezi unaweza, siku moja ya baridi kali ambapo jiko limejazwa kuni na kufunguliwa hewa yote, kufikia joto ambalo hakuna aliyelitarajia.

Mbao mpya huhitaji zaidi ya nyuzi 200 ili iwake, na takwimu hiyo huwatuliza watu isivyostahili. Mbao inayopashwa joto la chini kuliko hapo kwa muda mrefu, msimu baada ya msimu, hukauka kupita kiasi, hubadilika rangi, na polepole hugeuka kuwa kitu kinachokaribiana na makaa, kiasi kwamba joto linalotosha kuiwasha hushuka. Kwa sababu hiyo viwango vya majaribio havingoji mbao ifikie joto la kuwaka. Kiwango cha Ulaya cha EN 13240, ambacho kimekuwa kikitumika kwa majiko ya kuni ya vyumbani kabla ya mfululizo wa EN 16510 kuchukua nafasi yake, kilitaka vitu vinavyoungua vilivyo karibu na jiko visizidi joto la chumba kwa zaidi ya nyuzi 65. Katika chumba chenye nyuzi 20, hiyo ni nyuzi 85 tu.

Sasa tuliweke jiwe katikati. Graniti hupitisha joto takriban mara 20 kuliko mbao laini, na takriban mara 100 kuliko hewa iliyotulia. Ukipiga hesabu, bamba la graniti lenye unene wa sentimita 2 huzuia joto lisipenye kwa kiasi kilekile ambacho ubao mwembamba wa milimita 1 ungezuia. Hakuna mtu mwenye akili timamu angebandika ubao wa milimita 1 ukutani akasema ameukinga, lakini bamba la graniti, kwa kuwa ni zito na baridi mkononi dukani, hushawishi macho na mkono kuamini kinyume. Jiwe la mchanga, jiwe la chokaa na sleti hutofautiana na graniti kidogo tu katika hili, na hakuna hata moja kati yao ambalo kwa unene wa kubandikwa linaweza kuitwa kihami joto.

Mwanya wa hewa ndio ngao

Ushahidi ulio wazi kuliko wote umo katika kanuni ya Marekani ya NFPA 211. Kwa jiko lisilo na cheti cha majaribio, kanuni hiyo hutaka umbali wa sentimita 91 kati ya jiko na ukuta unaoungua. Ukijenga mbele ya ukuta huo kuta ya matofali au mawe yenye unene wa sentimita 9 iliyogusana nao, umbali unaruhusiwa kupungua hadi sentimita 61. Ukijenga kuta hiyohiyo lakini ukaacha mwanya wa hewa wa sentimita 2.5 nyuma yake, umbali hushuka hadi sentimita 30. Na ukiachana kabisa na mawe, ukaweka bati jembamba la chuma lenye mwanya huohuo nyuma yake, umbali unaoruhusiwa ni huohuo wa sentimita 30. Yaani bati lisilofikia unene wa milimita moja, likiwa na hewa inayopita nyuma yake, linahesabiwa kukinga sawa na kuta nzito ya mawe yenye hewa nyuma yake, na linaipita kwa mbali kuta ya sentimita 9 isiyo na mwanya. Jiwe jembamba la kubandikwa moja kwa moja ukutani halimo katika jedwali hilo la punguzo, na kutokuwamo kwake kuna maana: halileti punguzo lolote.

Namna mwanya unavyofanya kazi si fumbo. Bamba la mbele hupata joto, hewa iliyo nyuma yake hupata joto na kupanda, hutoka juu, na hewa ya baridi ya chumbani huingia chini kuijazia nafasi. Joto huondolewa kabla halijaufikia ukuta, tena hurudi chumbani linakohitajika. Lakini mzunguko huo hutegemea mwanya kuwa wazi chini na juu. Mafundi wengi hujenga mwanya mzuri kabisa kisha, kwa kupenda umaliziaji nadhifu, huufunga kwa ukanda wa mawe juu na kwa ubao wa pambo chini. Hapo hewa hubaki imenaswa na kupata joto, na sehemu kubwa ya faida hupotea. Nafasi ya sentimita 2.5 iachwe sakafuni, na nyingine kama hiyo juu, na zisizibwe hata kwa jina la urembo.

Kwa vitendo, kinachojengwa ni hiki. Juu ya ukuta wa mbao au wa jipsamu hufungwa vipande vya chuma, au mabomba mafupi ya chuma yanayopitishiwa skrubu ndefu, ili viwe vitenganishi. Juu ya vitenganishi hivyo hufungwa bodi isiyoungua, kwa mfano bodi ya saruji au ya kalisi silikati, na jiwe hubandikwa juu ya bodi hiyo. Vitenganishi visiwe vya mbao wala plastiki, na visiwekwe mahali palipo nyuma ya jiko moja kwa moja, kwa sababu kila skrubu ni njia fupi ya joto kuelekea kwenye mbao. Viende pembeni, ambako joto ni dogo. Mtu anayechagua bodi aulize kama ina nyuzi za karatasi au za mbao ndani yake, kwa maana si kila kinachouzwa kwa jina la bodi ya saruji kimepimwa kuwa hakiungui. Barani Ulaya alama ya kutafuta ni A1, daraja la juu kabisa la kutoungua katika kiwango cha EN 13501-1.

Bodi ya kawaida ya jipsamu inastahili maneno yake yenyewe. Katika vipimo vya moto hufanya vizuri, kwa kuwa ndani yake mna maji yaliyofungwa katika madini, nayo hutumia joto jingi kabla hayajatoka. Lakini ulinzi huo ni wa dharura ya mara moja. Jipsamu inayopashwa kila siku hupoteza maji yake kidogo kidogo, hulegea na kuwa kama unga, na karatasi iliyoifunika hukauka na kubadilika rangi. Watengenezaji wengi wa majiko kwa hiyo huihesabu kama ukuta unaoungua, hasa kwa kuwa nyuma yake mara nyingi kuna nguzo za mbao. Kubandika mawe juu yake na kuiita ukuta wa mawe ni kosa ambalo huonekana zuri sana kwa miaka kadhaa.

Ukuta ambao ni wa matofali au zege tangu mbele hadi nyuma ni habari tofauti na nyepesi zaidi. Hapo hakuna cha kuungua, na jiwe linaweza kubandikwa moja kwa moja, mradi mtu ahakikishe kwanza kwamba hakuna ubao wa kuzungushia sakafu, waya, soketi au bomba la plastiki vilivyopita hapo, na kwamba upande wa pili wa ukuta mwembamba hakuna kabati la mbao lililoegemezwa. Hata hivyo mtengenezaji bado anaweza kudai umbali fulani kutoka ukuta usioungua, ili hewa izunguke na chuma cha jiko kisipate joto kupita kiasi.

Umbali hupimwa hadi wapi

Jiko lililopimwa maabara huja na bamba la maelezo au kitabu kinachotaja umbali wa nyuma, wa pembeni na wa pembe za chumba. Umbali huo ndio unaotawala, si jedwali la jumla, na hupunguzwa kwa namna ile tu ambayo kitabu kimeruhusu. Wenye nyumba wengi huukosea si kwa kuudharau bali kwa kupima mahali pasipo. Umbali hupimwa kutoka mgongo wa jiko hadi kwenye kitu kinachoungua, ukivuka jiwe, bodi na mwanya. Haupimwi hadi kwenye uso wa jiwe.

Tuchukue mfano wa jiko ambalo bamba lake limeandikwa sentimita 45 kwa ukuta unaoungua. Ukuta ni wa mbao, mbele yake kuna mwanya wa sentimita 2.5, bodi ya sentimita 1.2, gundi ya nusu sentimita na jiwe la sentimita 2.5. Tabaka hizo zina jumla ya sentimita 6.7. Jiko likiwekwa sentimita 45 kutoka kwenye mbao, uso wa jiwe utakuwa takriban sentimita 38 kutoka mgongoni mwake, na hilo ni sahihi kabisa. Anayepima sentimita 45 hadi kwenye jiwe hajakosea kwa hatari, amepoteza tu nafasi ya chumba. Mwenye hatari ni yule anayesema kwamba kwa kuwa ameweka jiwe basi ukuta wake sasa ni wa kundi la kuta zisizoungua, kisha akasogeza jiko hadi sentimita 15. Mbao haikuondoka, imefichwa tu.

Bomba la moshi lina dai lake, nalo husahaulika kwa sababu macho yote huwa kwenye jiko. Bomba la chuma la ukuta mmoja, lisilo na kihami, huweza kuwa na joto kuliko mwili wa jiko. Kanuni za Uingereza hutaka liwe mbali na kitu kinachoungua kwa mara tatu ya kipenyo chake. Bomba la milimita 150 kwa hiyo hudai milimita 450, na kanuni za Marekani hufika karibu palepale kwa kutaka sentimita 46. Maana yake kwa mpangaji wa ukuta ni kwamba kinga isiishie usawa wa juu ya jiko. Ipande kulifuata bomba, au bomba lenyewe liwe la kuta mbili.

Uzito kabla ya rangi

Mawe mengi ya asili yana uzito wa kilo 2,600 hadi 2,800 kwa mita moja ya ujazo. Kwa hiyo kila sentimita moja ya unene huongeza takriban kilo 27 katika kila mita moja ya mraba: jiwe la sentimita 2 ni kilo 54, na la sentimita 3 linapita kilo 80, bila kuhesabu gundi na bodi. Bodi ya jipsamu isiyopakwa plasta kwa kawaida hukadiriwa kubeba kilo 32 tu kwa mita ya mraba, nayo ni sababu nyingine ya kutoibandikia mawe. Kanuni za ujenzi za Marekani, kwa upande wao, huweka ukomo wa takriban kilo 73 kwa mita ya mraba kwa jiwe linaloshikiliwa na gundi peke yake. Likizidi hapo lazima lijengwe kutoka chini, likikaa juu ya msingi au sakafu iliyoimarishwa na kufungwa ukutani kwa vyuma. Kuta ya mawe kamili ya sentimita 12 hupita kilo 300 kwa mita ya mraba, na ikiwa inasimama juu ya sakafu ya mbao, mhandisi aitazame sakafu hiyo kabla jiwe la kwanza halijafika.

Uzito huo huwafanya baadhi ya watu wajifariji kwamba angalau ukuta utahifadhi joto na kulitoa usiku kucha. Hesabu haiungi mkono faraja hiyo kwa jiwe la kubandikwa. Ukuta wenye kimo cha mita 2, upana wa mita 1.5 na unene wa sentimita 2 una takriban kilo 160 za jiwe. Ukipashwa nyuzi 30 zaidi ya joto la chumba, huwa umehifadhi kilowati-saa 1 na ushei. Kilo moja ya kuni kavu ina takriban kilowati-saa 4. Kwa maneno mengine, ukuta wote huo umehifadhi joto la chini ya theluthi moja ya kilo ya kuni. Hifadhi ya kweli huanza katika kuta nene au katika majiko yaliyojengwa kwa mawe yenyewe, na hata hapo, kuta ikiwa ni ya nje na haina kihami nyuma yake, sehemu nzuri ya joto hilo hupashia bustani.

Mawe yenyewe

Baada ya hayo, karibu kila jiwe la asili linafaa. Nalisema hili kwa uhakika kwa sababu hofu nyingi zinazosambazwa kuhusu mawe kupasuka zimetolewa katika mashimo ya moto ya nje, ambako jiwe hulambwa na ndimi za moto. Ni kweli kwamba kwazi, madini magumu yaliyomo kwenye graniti, hubadili umbo na kuvimba ghafla inapofikia nyuzi 573, na ni kweli kwamba jiwe la mtoni lililolowa maji linaweza kulipuka mvuke unapokosa njia. Ukuta ulio nyuma ya jiko uliowekwa kwa umbali unaotakiwa haufiki hata robo ya joto hilo la kwanza, na jiwe lake ni kavu.

Graniti na basalti ni ngumu, hazichafuki upesi na hazidhuriwi na siki wala ndimu. Sleti ni nyembamba, huja katika mabamba mepesi, na rangi yake ya kijivu huficha masizi. Ubaya wake ni kwamba imejengwa kwa tabaka, na sleti duni huanza kubambuka pembeni, kwa hiyo ni vyema kuligonga bamba kwa kifundo cha kidole kabla ya kununua na kuliacha lile linalotoa sauti iliyokufa. Jiwe la sabuni ndilo lenye sifa kubwa kuliko yote katika ulimwengu wa majiko, hasa nchini Ufini linakojengewa majiko mazima, kwa kuwa hubeba joto jingi na halipasuki kwa kupashwa na kupozwa mara kwa mara. Sifa hizo ni za kweli, lakini hutumika vizuri likiwa ni mwili wa jiko au limezunguka jiko. Likiwa ukutani kwa unene wa sentimita 2, mtu hulipia uwezo ambao hautatumika, tena ni laini na hukwaruzwa na kuni zinazotupwa.

Marumaru ya asili yanahitaji tahadhari ya aina yake. Yamejengwa kwa fuwele za kalisaiti, ambazo zikipata joto hutanuka upande mmoja na kusinyaa upande mwingine, na baada ya mizunguko mingi ya joto na baridi fuwele hulegeana na bamba jembamba hupinda. Jengo refu la Chicago linaloitwa leo Aon Center, lililokamilika mwaka 1973 likiwa limevikwa marumaru ya Carrara, lilivuliwa mabamba yake yote yaliyopinda na kuvikwa graniti kati ya mwaka 1990 na 1992. Huko kulikuwa na mvua, barafu na jua, na ukuta wa sebuleni hauoni mateso hayo. Bado somo la umbo linafaa: anayependa marumaru achague vipande vidogo vyenye unene wa kutosha badala ya bamba moja kubwa jembamba. Marumaru, travatini na jiwe la chokaa pia huliwa na tindikali, na dawa nyingi za kusafishia kioo cha jiko ni kali, hivyo zisirushwe kuelekea ukutani.

Mawe ya kutengenezwa kwa saruji na kokoto nyepesi hupitisha joto kidogo kuliko ya asili na huwa na uzito mdogo, na kwa ukuta usioweza kubeba mengi ni chaguo la heshima. Rangi yao mara nyingi iko juujuu, kwa hiyo kipande kikimeguka huonyesha kijivu cha saruji. Kinachopaswa kuogopwa ni bidhaa zinazofanana na mawe lakini si mawe. Kuna paneli za povu la plastiki zilizochorwa kama mawe, ambazo huwaka. Kuna tabaka jembamba sana la sleti lililogandishwa juu ya utomvu wa plastiki na nyuzi za kioo, linalopindika kama kitambaa. Uso wake ni jiwe halisi lakini mgongo wake si wa kukaa karibu na jiko. Na kuna vipande vya mawe halisi vilivyounganishwa kiwandani kwa gundi ya epoksi kuwa paneli moja, ambavyo kwa kawaida hupendeza sana. Hapo muuzaji aonyeshe maandishi yanayotaja joto ambalo gundi hiyo inastahimili, na asipoweza, paneli hizo ziende ukuta mwingine.

Kuhusu rangi, watu wengi hudhani kwamba jiwe jeupe litarudisha joto na jeusi litalinyonya. Kwa mwanga wa jua dhana hiyo ina ukweli, lakini kwa mionzi ya jiko, ambayo macho hayaioni, marumaru meupe na basalti nyeusi hunyonya joto karibu sawasawa, takriban asilimia 90. Chuma king'aavu pekee ndicho hurudisha sehemu kubwa, na ndiyo maana bati linalong'aa likiwekwa ndani ya mwanya nyuma ya bodi husaidia kuliko rangi yoyote ya jiwe. Chagua rangi unayoipenda, basi. Uso ndio wenye tofauti ya kila siku: mawe yaliyochongwa kwa mikunjo na vishubaka hupokea vivuli vizuri jioni, lakini kila kishubaka ni rafu ya majivu na vumbi, na anayefungua mlango wa jiko mara kwa mara atalazimika kuyapitia kwa brashi.

Gundi, viungo na moto wa kwanza

Gundi iwe ya unga wa saruji iliyoboreshwa ili inyumbuke, ambayo chini ya kiwango cha EN 12004 huandikwa C2 pamoja na S1 au S2. Gundi zinazouzwa tayari ndani ya ndoo, zinazokauka kwa kupoteza maji tu, hulegea zikipata joto na zisitumike hapa. Mfuko huandikwa joto ambalo gundi inastahimili ikishakomaa, na maandishi hayo yasomwe. Jiwe pia hutanuka: ukuta wa mita 2 wa graniti ukipata nyuzi 60 zaidi hurefuka kwa takriban milimita 1. Ni kidogo, lakini ukuta ulioshindiliwa saruji ngumu hadi kwenye pembe ya chumba hauna pa kuipeleka milimita hiyo, na nyufa hutokea palepale. Viungo vya pembeni vijazwe silikoni inayostahimili joto, si saruji.

Wakati wa kukata mawe, hasa jiwe la mchanga, sleti na graniti, vumbi lake lina silika inayoharibu mapafu, kwa hiyo yakatwe kwa maji na fundi avae barakoa ya kuchuja vumbi. Nyumba ya zamani ikiwa na bodi ya kijivu nyuma ya mahali pa jiko, isitobolewe wala kukatwa kabla haijachunguzwa kama ina asibesto.

Dawa ya kuziba vinyweleo vya jiwe, ikihitajika, iwe ya aina inayozama ndani badala ya ile inayoacha utando juu, kwa sababu utando huweza kugeuka njano na kutoa harufu. Ipakwe na kukauka kabisa kabla jiko halijawashwa. Saruji nayo hupewa muda wake, ambao kwa kawaida ni siku 28, kisha moto wa kwanza uwe mdogo, wa pili uzidi kidogo, ili unyevu uliobaki utoke polepole.

Jiko linapofikia moto wake mkubwa na kukaa hapo kwa saa kadhaa, ukuta upimwe. Kipimajoto cha mionzi kielekezwe kwenye jiwe nyuma ya jiko, kisha, jambo la maana zaidi, kipimo cha waya kiingizwe kupitia uwazi wa juu hadi kiguse mbao yenyewe ndani ya mwanya. Jiwe kuwa na joto la kutogusika kwa mkono si hitilafu. Mbao ikikaribia kuzidi joto la chumba kwa nyuzi 65, basi kuna kilichozibwa au kilichokosewa, na kuongeza tabaka la mawe hakutasaidia. Uwazi wa chini na wa juu ukaguliwe kwanza, kisha jiko lisogezwe mbele au lifungwe mgongoni ngao ya chuma ambayo watengenezaji wengi huitoa kwa modeli zao, na kipimo kirudiwe kwa moto uleule.